Kipindupindu: ujumbe usiozimika ndani ya seli

Mgonjwa wa kipindupindu kikali anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa. Macho yanadidimia, sauti inakauka, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imejikunja, na anayetafuta mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono hayapati. Aliyeamka mzima alfajiri anaweza kuzikwa kabla ya magharibi. Nani asingedhani kwamba utumbo wa mtu huyo umechanika ndani kwa ndani?

Madaktari walidhani hivyo kwa miaka mingi. Waliopasua maiti za wagonjwa waliona ngozi ya ndani ya utumbo imebanduka, wakahitimisha kwamba maji yanavuja kwa sababu ukuta umebomoka. Kisha kipindupindu kikaingia Bangkok, na mwaka 1959 daktari Mmarekani Eugene Gangarosa na wenzake wakapitisha mrija mwembamba kwenye matumbo ya wagonjwa walio hai, wakachomoa vipande vidogo vya utumbo na kuvitazama kwa hadubini. Ukuta ulikuwa mzima. Seli zilikuwa zimepangana mahali pake, moja ubavuni mwa mwenzake. Kile walichokiona wapasuaji wa zamani kilikuwa kuoza kwa kawaida baada ya kifo.

Jambo hilo linastahili kutafakariwa. Mtu anakufa kwa kuishiwa maji, na seli zinazoyamwaga maji hayo hazina jeraha lolote. Zinafanya kazi ambayo zimeumbwa kuifanya, ila zimepewa amri isiyokuwa na mwisho. Kipindupindu ni ugonjwa wa ujumbe, na ili kuuelewa lazima kwanza tujue seli zinaambianaje mambo.

Mwili wa mtu una matrilioni ya seli, na kila moja imezungukwa na utando wa mafuta ambao homoni nyingi haziwezi kuupenya. Mgeni mwenye adabu za pwani haingii moja kwa moja hadi ukumbini. Anapiga hodi barazani, aliye karibu na mlango anaisikia, na habari ya ujio wake inafika jikoni kabla yeye mwenyewe hajavua viatu. Homoni hizo zinafanya vivyo hivyo. Zinabaki nje, zinashikwa na protini iliyokaa kwenye utando, na habari ndiyo inayosafiri ndani. Protini hiyo ndiyo kipokezi. Upande wake wa nje una umbo linaloshika molekuli ya aina fulani na kuziacha nyingine, na inapoishika, umbo la upande wa ndani nalo linabadilika. Mabadiliko hayo madogo ndiyo ujumbe wenyewe.

Kilichofuata baada ya hapo kilikuwa fumbo hadi miaka ya 1950. Katika mji wa Cleveland, Marekani, Earl Sutherland na mwenzake Theodore Rall walikuwa wakichunguza jinsi adrenalini inavyoliamuru ini liivunje akiba yake ya glaikojeni na kutoa sukari. Imani ya wakati ule ilikuwa kwamba homoni haifanyi kazi ila kwenye seli nzima. Wao wakazisaga seli za ini, wakatia adrenalini kwenye rojo lile, na amri ikatekelezwa vilevile. Walipoondoa vipande vya utando kwa mashine ya kuzungusha, amri ikapotea. Basi wakachukua vipande vile peke yake, wakavipa adrenalini, wakachemsha mchanganyiko, kisha wakauchukua umajimaji wake na kuutia kwenye sehemu ya rojo iliyobaki. Kazi ikaanza upya, ingawa utando haukuwemo.

Naliona jaribio hili kuwa miongoni mwa mazuri kabisa katika historia ya biolojia, kwa sababu halikuhitaji zaidi ya ini, mashine ya kuzungusha, moto na akili iliyotulia. Lilionyesha kwamba utando unapoguswa na homoni hutengeneza kitu kidogo kinachostahimili kuchemshwa, na kwamba kitu hicho ndicho kinachoipeleka habari ndani. Kiliitwa AMP ya mviringo, mjumbe wa pili baada ya homoni. Sutherland alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971.

Bado kulikuwa na pengo. Kipokezi ni protini moja, na kimeng'enya kinachotengeneza AMP ya mviringo ni protini nyingine kabisa. Nani anaipokea habari kwa kipokezi na kuifikisha kwa kimeng'enya? Martin Rodbell, huko Bethesda, aligundua kuwa habari haivuki bila molekuli iitwayo GTP kuwepo. Alfred Gilman, akiwa Charlottesville, akamtafuta mpatanishi huyo hadi akamtenga: protini ambayo leo inaitwa protini G. Wawili hao walipewa kwa pamoja Nobel ya mwaka 1994.

Protini G inapopumzika huwa imeshika GDP, yaani GTP iliyokwisha kukatwa. Kipokezi kikiguswa na homoni, protini G inaiachia GDP, inashika GTP, inabadilika umbo na kwenda kukiamsha kimeng'enya. Baada ya sekunde chache inaikata GTP yake yenyewe, inabaki na GDP, na inanyamaza. Hakuna anayeiambia inyamaze. Saa imo ndani yake. Mara nyingi tunaposimulia habari za homoni tunaeleza jinsi zinavyowasha mambo na kusahau kuzima, ilhali seli isiyoweza kuzima ujumbe iko hatarini sawasawa na isiyousikia. Protini moja ya aina nyingine, Ras, ina saa ya namna hiyohiyo. Mabadiliko ya jeni yanayoifanya ishindwe kuikata GTP hukutwa katika saratani nyingi, kwa sababu amri ya seli kugawanyika inabaki imewashwa.

Jambo jingine linalonishangaza kila ninapolifikiria ni kwamba AMP ya mviringo haibebi maana yoyote peke yake. Katika ini inamaanisha toa sukari. Katika moyo inamaanisha piga kwa nguvu na kwa kasi. Katika misuli inayozunguka njia za hewa inamaanisha legea, na ndiyo maana mgonjwa wa pumu anayevuta salbutamoli anapata nafuu baada ya dakika chache: dawa ile inashika kipokezi cha adrenalini kwenye misuli hiyo, protini G inaamka, AMP ya mviringo inaongezeka, njia inafunguka. Maana iko kwa msikilizaji. Vipokezi vya ukoo huu vina jeni zaidi ya 800 katika mwili wa binadamu, vikiwemo vya kuona na kunusa, na karibu theluthi ya dawa zilizoidhinishwa zinafanya kazi kupitia vipokezi hivyo. Robert Lefkowitz na Brian Kobilka walipewa Nobel ya kemia mwaka 2012 kwa kuvichunguza.

Katika utumbo mwembamba, AMP ya mviringo inamaanisha mwaga maji ya chumvi. Hii ni amri ya kawaida na ya lazima. Chakula hakiwezi kusagika katika utumbo mkavu. Kila siku lita 8 au 9 za majimaji hupita humo, kutoka kwenye vinywaji, mate, nyongo na juisi nyingine za mwili, na karibu zote hurudishwa kwenye damu. Kwa mtu mzima mwenye afya kinachotoka na choo hakizidi sana robo lita. Utumbo unamwaga na kunywa, unamwaga na kunywa, na uhai wetu umo katika mizani hiyo.

Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, haingii kwenye damu na wala hachimbi ukuta wa utumbo. Anakaa juu yake na kutoa sumu. Aliyelithibitisha hilo ni Sambhu Nath De wa Kolkata, mwaka 1959. Alifunga kipande cha utumbo wa sungura kwa uzi huku na huku, akaingiza ndani yake mchuzi walimokuzwa bakteria hao, uliochujwa hadi hauna hata bakteria mmoja, na kipande kikavimba kwa maji. Bakteria hakuwepo, ugonjwa ulikuwepo. De alifanya kazi hiyo kwa vifaa haba, na dunia ilichelewa kumtambua. Joshua Lederberg, mwenye Nobel yake mwenyewe, alimpendekeza kwa tuzo hiyo zaidi ya mara moja, lakini De alifariki mwaka 1985 bila kuipata. Naona alidhulumiwa.

Sumu aliyoionyesha De ina sehemu sita. Tano zinafanana, zimepangana kama pete, nazo huitwa B. Ya sita, A, imekaa juu ya pete. Vipande vya B hushika molekuli ya mafuta na sukari iitwayo GM1 iliyopo juu ya seli za utumbo. GM1 haikuwekwa pale kwa ajili ya kipindupindu, bali sumu imejifunza kuitumia. Seli inaimeza sumu, kisha sumu inasafiri kinyumenyume kwenye njia ambazo seli huzitumia kupeleka protini zake nje, hadi inafika kwenye kiwanda chake cha protini. Huko A inaachana na pete, inajikunjua, inajifanya protini mbovu inayostahili kutupwa, na seli yenyewe inaisukuma hadi mahali inapotaka kuwa.

Kisha inafanya jambo moja tu. Inabandika molekuli ndogo kwenye protini G, mahali palepale panapohitajika ili GTP ikatwe. Mwaka 1977 Dan Cassel na Zvi Selinger wa Jerusalem walionyesha, kwa utando wa chembe nyekundu za damu ya bata mzinga, kwamba protini G iliyoguswa na sumu hii haiwezi tena kuikata GTP yake. Saa imesimama. Kimeng'enya kinaendelea kutengeneza AMP ya mviringo bila homoni yoyote kuwepo nje. Mjumbe huyo anaamsha kimeng'enya kingine, nacho kinafungua mlango wa kloraidi uitwao CFTR. Kloraidi inamiminika ndani ya utumbo, sodiamu inaifuata, maji yanazifuata zote mbili. Wakati huohuo njia mojawapo kuu ya kurudisha chumvi mwilini inafungwa na amri hiyohiyo. Kinachotoka kwa mgonjwa ni majimaji meupe yanayofanana na maji ya kuoshea mchele.

Na seli, narudia, ni nzima. Uzima huohuo ndio uliofungua njia ya tiba.

Mwezi Agosti mwaka 1960, mjini Prague, mwanasayansi Robert Crane alieleza wazo lake kuhusu jinsi utumbo unavyofyonza sukari. Alisema kuna protini kwenye utando ambayo huvusha glukosi pamoja na sodiamu, na kwamba glukosi haivuki kwa njia hiyo bila sodiamu. Leo tunajua kwamba kila molekuli moja ya glukosi hupita na sodiamu mbili, na maji hufuata. Kwa mgonjwa wa kipindupindu jambo la maana ni hili: mlango huu hauzuiwi na AMP ya mviringo. Amri iliyokwama inafungua mlango wa kumwaga na kufunga ule mwingine wa kunywa, lakini mlango wa sukari na chumvi unabaki wazi muda wote, hata mgonjwa akiwa taabani. Ukimpa maji peke yake, mengi yatapita. Ukimpa maji ya chumvi peke yake, hali itakuwa ileile. Ukitia sukari, chumvi inaingia, na maji yanaingia nayo.

Mwaka 1968, David Nalin na Richard Cash, wakifanya kazi katika maabara ya kipindupindu ya Dhaka, walionyesha kwa wagonjwa kwamba kinywaji cha glukosi na chumvi kilichopimwa vizuri kinapunguza sana haja ya dripu. Miaka mitatu baadaye vita vya Bangladesh vikasukuma mamilioni ya wakimbizi kuingia India. Katika kambi ya Bangaon, Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu huku wagonjwa wamelala sakafuni. Akaamuru glukosi na chumvi zichanganywe kwa wingi, akawapa ndugu wa wagonjwa vikombe, akawaambia wanyweshe. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vilishuka hadi asilimia 3.6. Mwaka 1978 jarida la Lancet liliandika kwamba huenda ugunduzi wa kwamba glukosi na sodiamu huvuka pamoja ndio hatua muhimu kuliko zote za tiba katika karne ile. Nami nakubaliana nalo.

Kujua hakutoshi, hata hivyo. Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika Goma, kando ya Ziwa Kivu, juu ya miamba ya volkano isiyochimbika visima wala vyoo. Katika mwezi wa kwanza watu karibu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Maji ya chumvi na sukari yalikuwa yamejulikana kwa zaidi ya miaka 20. Lakini maji safi hayakutosha, na wahudumu wengi waliofika hawakuwa wamewahi kutibu kipindupindu, hivyo waliwapa wagonjwa kiasi kidogo mno, tena wamechelewa. Madaktari waliokuja kutoka Bangladesh walipokichukua kituo kimojawapo, vifo hapo vilishuka sana. Walikuwa na tiba ileile ya wenzao. Tofauti ni kwamba walijua ni maji mengi kiasi gani seli zile zinaweza kumwaga.

Kwenye zahanati zetu kuna swali ambalo akina mama huuliza: «Dada nesi, mtoto anaharisha maji matupu, halafu unaniambia nimwongeze maji?» Ni swali la mtu mwenye akili timamu, na halistahili kujibiwa kwa kuamriwa tu. Mama huyo anaona kikombe kinaingia na choo kinatoka. Mtoto anaendelea kuharisha, kwa sababu ORS, yaani kinywaji hicho cha glukosi na chumvi, haizimi amri iliyokwama ndani ya seli, na mama asiyeelezwa hilo atahitimisha kwamba dawa imeshindwa, ataiacha saa chache kabla haijamwokoa mwanawe. Aambiwe kwamba kuhara kutaendelea, na kwamba kinachotafutwa ni kinachoingia kizidi kinachotoka. Aambiwe pia kwamba sukari ile haikuwekwa kwa ajili ya ladha. Nchini Bangladesh shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba katika miaka ya 1980 kuwafundisha akina mama zaidi ya milioni 12 kuchanganya chumvi na sukari wenyewe, wakiwa jikoni mwao. Sioni kwa nini msichana wa darasa la saba Kigoma au Kilifi asijue kuchanganya, na asijue sababu.

Vipimo navyo vina maana. Pakiti ya ORS ya siku hizi ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na potasiamu na sitreti, kwa ajili ya lita moja kamili ya maji safi. Glukosi na sodiamu ndani yake zinalingana kwa idadi ya molekuli. Anayeimimina pakiti nzima kwenye chupa ya nusu lita ili iwe na nguvu zaidi anamdhuru mgonjwa, kwa sababu mchanganyiko mzito huyavuta maji kutoka mwilini kuja kwenye utumbo. Soda na juisi za boksi zina kasoro hiyohiyo: sukari nyingi, chumvi haba. Pakiti ikikosekana, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo, kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vinafaa hadi mgonjwa afikishwe kituoni. Uji mwepesi wa mchele wenye chumvi kidogo unafaa pia, maana wanga wake huvunjwa utumboni kuwa glukosi.

Pwani yetu imeujua ugonjwa huu tangu zamani. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja wakati wa mlipuko wa 1869 na 1870, aliandika kitabu kizima kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki, kikachapishwa mwaka 1876. Alifuatilia njia za misafara na majahazi ili ajue kilikopitia, lakini kuhusu kinachotokea ndani ya mgonjwa hakuwa na namna ya kujua. Mwaka 2009 Unguja na Pemba zilikuwa mahali pa kampeni ya chanjo ya kunywa ambayo, pamoja na bakteria waliouawa, ilikuwa na vile vipande vya B, pete isiyokuwa na A. Kinga ya mwili inayojifunza kuitambua pete inaweza kuikamata sumu kabla haijagusa GM1. Waliopata dozi mbili walikingwa kwa kiwango kikubwa katika mlipuko uliofuata.

Kwa aliyekwisha kuugua, dawa kama doksisaiklini huua bakteria na kufupisha ugonjwa, lakini haiwezi kuing'oa sumu iliyokwisha kubandika alama yake kwenye protini G. Seli yenye alama hiyo itamwaga hadi itakapobanduka yenyewe. Bahati ni kwamba ngozi ya ndani ya utumbo mwembamba hujifanya upya kila baada ya siku chache, seli mpya zikipanda kutoka chini na zile za zamani zikianguka. Kazi ya anayemuuguza mgonjwa ni kumfikisha siku hizo akiwa hai. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 za ORS kila anapoharisha, mkubwa zaidi hadi miaka 10 apewe 100 hadi 200, na mtu mzima anywe kadiri anavyoweza, hata njiani wakati wa kwenda kituoni. Asiyeweza kunywa, aliyelegea au asiyepatikana mapigo anahitaji dripu papo hapo. Anayetapika apumzishwe dakika 10, kisha aanze tena polepole, kijiko kimoja kimoja.